Duka la vifaa vya ushonaji nyuma ya Soko la Majengo: zipu na bitana ndiyo, uzi hapana

Mafundi wenzangu huniuliza zipu zangu nazinunua wapi, nikiwaelekeza kwa mdomo wanapotea. Kwa hiyo naandika hapa, mazuri na mabaya yake, anayekwenda aende akijua anafuata nini. Jina la duka silitaji kwa kuwa nina ya kulilalamikia, na mwenyewe hayumo mitandaoni aje kujitetea. Anayeujua mji wa Dodoma atafika tu: liache Soko la Majengo mgongoni, pita maduka ya vitenge na mashuka, ingia kichochoro cha mafundi viatu. Mlango wa bluu, benchi moja nje, maboksi yamepangwa mpaka darini. Kibao hakuna. Kuna karatasi imebandikwa ukutani: VIFAA VYA USHONAJI NA VIKOROMBWEZO.

Mimi nashonea Chang'ombe. Kazi zangu ni magauni ya ofisini, suti za Kaunda, na sare za shule kuanzia Desemba. Nayasema haya ujue duka nalipima kwa mahitaji yapi. Anayeshona mapazia au kuvisha makochi ana mahitaji mengine, na hapa huenda asipate chake.

Kwingi mjini ukisema "nipe zipu nyeusi ya inchi nane" unapewa zipu nyeusi ya inchi nane, unalipa, unaondoka. Hapa mzee mwenye duka hainuki kwenye kiti mpaka akuulize: "Ya nguo gani, mama?" Ukimjibu suruali, anaendelea: ya kadeti au ya kitambaa chepesi? Ya mtu mzima au ya mtoto? Wateja wenye haraka hununa, nimewaona. Lakini majibu yako ndiyo yanayoamua atashusha boksi lipi, na maboksi ya zipu nyeusi peke yake yamejaa shubaka zima.

Ukigeuza kichwa cha zipu nyingi, nyuma utaona namba: 3, 5, 8. Hiyo inahusu upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa makadirio ya milimita. Namba 3 inatosha gauni na sketi. Namba 5 ni ya jaketi, begi, na nguo inayovutwa kwa nguvu. Kaptula ya mtoto wa darasa la kwanza, ambayo hufunguliwa na kufungwa na mikono isiyo na subira, mzee hakubali kukuuzia ile nyembamba ya nailoni bila kukubishia kwanza. Ukishikilia, anakuuzia, ila anakwambia utarudi. Mimi huo ndio uuzaji ninaoutaka. Wapo wanaouona kuwa ni ujuaji.

Halafu kuna aina za meno. Za nailoni hupinda, kwa hiyo zinakaa vizuri kiunoni mwa gauni, na meno yakiachana katikati mara nyingi ukirudisha kichwa chini na kukipandisha tena yanakamatana. Za chuma zina nguvu, ila jino moja likitoka hapo katikati, zipu imekwisha. Za plastiki zenye meno manene ni za majaketi na mabegi. Aina zote hizo anazo, kwa urefu wa kuanzia inchi nne, na zile ndefu zinazouzwa kwa mita ambazo unakata mwenyewe na kuvalisha kichwa.

Vichwa vyenyewe anauza peke yake, na hili wengi hawalijui. Mwanafunzi wa UDOM akileta begi anasema "fundi, zipu imekufa", mara nyingi kilichokufa ni kichwa: kimelegea, hakiyabani meno, kinapita juu yake bila kuyafunga. Unang'oa kile, unaingiza kipya cha namba ileile na aina ileile ya meno, unashona mwisho, begi linarudi kazini. Kichwa ni shilingi mia tatu. Kubadili zipu nzima ya begi ni kufumua bitana yake, kile kitambaa cha ndani, na pindo zake zote, na hakuna mwanafunzi anayekulipa kwa kazi hiyo.

Kiangazi kikianza vumbi letu linaingia kila mahali, na zipu za chuma ndizo zinazolalamika wa kwanza. Mzee huyu kabla hajakufungia zipu ya chuma anapitisha kipande cha mshumaa juu ya meno, anakwenda na kurudi, kisha anaifungua na kuifunga mbele yako. Akikuona na chupa ya mafuta ya cherehani unataka kuipaka, anakuzuia. Mafuta hushika vumbi, yakishashika vumbi yanakuwa tope, na hilo tope linaishia kwenye kitambaa cha mteja.

Nimpe heshima yake kwa jambo lingine. Zipu zilizochorwa YKK zimejaa kila duka. Kampuni yenyewe ni ya Kijapani, ipo tangu 1934, na herufi zake zinaigwa dunia nzima. Kwake ziko za kweli na ziko za kuigwa, na hazichanganyi: "Hizi, mama, ni za kuchorwa. Hizi ndizo." Bei zinapishana zaidi ya mara mbili. Kwa gauni la kuvaliwa sherehe moja na kutundikwa, mimi nachukua za kuchorwa, sioni aibu. Kwa suruali ya mlinzi anayevaa siku sita kwa wiki, siwezi.

Vifungo nitavipitia haraka kwa kuwa hapa wote tunajuana. Kila boksi lina kifungo kimoja kimeshonewa ubavuni kwa nje, kwa hiyo huhitaji kumsumbua mtu kufungua maboksi yote. Namba zake ni zile zinazowachanganya mabinti ninaowafundisha: 18, 24, 32. Wanadhani ni milimita. Ukishika kwamba 40 ni inchi moja, zilizobaki zinajipanga zenyewe: 20 ni nusu inchi, na 18, kile cha shati, kinakuwa milimita kumi na moja na nusu hivi. Cha mbele ya koti ni 32, cha mkono wa koti ni 24. Anauza kwa dazeni, lakini hata kimoja anakuuzia, na hilo kwa duka la mjini ni jambo. Shati la mtu limepoteza kifungo kimoja, unakwenda nalo, anakumwagia kopo la vifungo vilivyobaki mojamoja juu ya kaunta na kukuacha utafute hata nusu saa.

Kwenye bitana ndipo duka hili linapoyaacha mengine mbali.

Dodoma si Dar es Salaam. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na baada ya hapo hewa inakuwa kavu mpaka midomo inapasuka. Bitana ya poliesta kwenye hewa hiyo inazaa umeme. Sketi inapanda mapajani, inanasa kwenye soksi za wavu, na mteja akiivua jioni anasikia tatata. Akikurudia haongelei bitana, anakwambia "fundi, gauni lako linanipanda." Mshono wako ndio unaolaumiwa. Na mchana, jua likiwa kali, poliesta haipitishi jasho, mtu anatoka mkutanoni mgongo umelowa.

Maduka mengi hapa mjini huweka bitana hiyo moja tu, tofauti ni rangi. Mzee huyu anaweka mbili: ile ya poliesta, na ile ya viskosi ambayo hunyonya jasho na haina ule umeme. Ya viskosi bei yake iko juu, mita moja 6,000 wakati ile nyingine ni 3,000, na ina tabia ya kurudi ikifuliwa, kwa hiyo lazima uiloweke na kuianika kabla ya kukata. Haya yote anakwambia kabla hujafungua pochi. Ukiwa na shaka, anachomoa uzi mmoja kutoka kila jora na kuuwasha kiberiti mbele ya mlango. Wa poliesta unajikunja, unayeyuka, unaacha kitone kigumu cheusi. Wa viskosi unawaka wote, unatoa harufu ya karatasi iliyoungua, majivu yanapeperuka. Hakuna cha kubishana baada ya hapo.

Yeye ndiye aliyenishauri kuhusu suti za Kaunda, na ushauri wake bado naufuata. Vazi hilo, lililochukua jina la Rais wa kwanza wa Zambia, lina raha yake kwenye joto: halina tai, na ukitaka mikono mifupi unaikata mifupi. Mafundi tukashika tabia ya kulijaza bitana mwili mzima kama koti la baridi. Mzee, ambaye zamani alikuwa fundi mwenyewe, alinichorea kwenye kipande cha boksi: bitana iishie mabegani na kwapani, mgongo wa chini ubaki wazi, pindo za ndani zizungushiwe utepe mwembamba wa bitana hiyohiyo. Mita moja inatosha badala ya mbili na zaidi. Waheshimiwa na madereva wao wamelipokea sawasawa. Kipindi cha Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni, ndicho kipindi ambacho suti za namna hiyo zinatoka kwangu kwa wingi.

Anayepima bitana ni binti mmoja mkimya, na hapa pia pana la kusifu. Meza yake ina misumari miwili iliyopigwa kwa umbali wa mita. Analaza kitambaa, hakivuti. Sijui nyie mmezoea wapi, mimi nimeshanunua mita tatu mahali pengine zikawa mita mbili na robo tatu nikifika nyumbani, kwa sababu muuzaji alikuwa anaivuta bitana kama anapima kamba ya mbuzi.

Gamu pia ipo, ngumu na laini, kwa mita. Ni kile kitambaa chenye gundi upande mmoja cha kuwekea ndani ya kola na mkanda wa kiuno. Ubora ni wa kati. Ile ngumu ya kola nimeipenda, ila laini ya gauni ina punje za gundi ambazo hazijasambaa sawa, na ukiifua mara chache kitambaa cha juu kinaanza kufanya malengelenge. Nusu ya malengelenge hayo ni kosa la pasi zetu. Gamu hutaka kukandamizwa sehemu moja kwa sekunde kumi au kumi na tano, uinue, uhamie pembeni; sisi tunaisugua mbele na nyuma kama tunanyoosha shuka, gundi inaganda kabla haijashika. Na pasi ya mkaa joto lake halisomeki. Hata hivyo nusu nyingine ni ya gamu yenyewe, na mzee nimemwambia. Alinisikiliza, akaguna.

Sasa risiti. Hii ndiyo inayonirudisha hata siku ambazo benchi la nje limejaa watu.

Ya mashine ya EFD anatoa kama sheria inavyotaka, lakini ile imeandika neno moja, "vifaa", na jumla. Pamoja nayo anakuandikia kwa mkono, kwenye kitabu chenye karatasi ya kaboni, kila kitu na mstari wake: bitana viskosi mita 2, zipu ya kujificha inchi 22, moja, gamu laini nusu mita, ndoano ya shingo, moja, pedi za mabega, jozi. Mbele ya kila kimoja, bei. Anaandika polepole, mwandiko wa shule za zamani, na waliopanga foleni wanapumua kwa nguvu. Mimi nasubiri.

Nasubiri kwa sababu ya jinsi tunavyotoza. Kwetu mteja huleta kitambaa chake, mnakubaliana bei ya ufundi, na vilivyobaki, kwa kauli tuliyoirithi kwa waliotufundisha, "vikorokoro ni juu ya fundi". Chukua gauni la ofisini lenye bitana. Ufundi ni 35,000. Ndani ya hiyo kuna bitana ya 12,000 kama umechukua ya viskosi, zipu 1,500, gamu, pedi, ndoano, uzi. Karibu nusu inaondoka kabla hujakanyaga cherehani. Kisha mteja anaanza: "Fundi, nipunguzie bwana, kitambaa si nimeleta mwenyewe?" Mnafika 28,000. Ile 7,000 iliyotoka, inatoka wapi? Mita za kitambaa huwezi kuzigusa, ni za mwenyewe. Kodi ya fremu haipungui. Umeme wa pasi haupungui. Kinachopungua ni bitana, inakuwa ya poliesta, tena ya sketi tu, juu unaacha hivihivi. Zipu inakuwa ile ya jero. Pedi za mabega unaziacha, unamwambia siku hizi haziko kwenye fasheni.

Mama mmoja wa ofisi za serikali kule Mtumba, mtu wa heshima zake, alisimama mlangoni kwangu na kitambaa cha bei mbaya kabisa, cha sufu nyepesi, akasema, "Hivyo vidude vingine si unavyo hapo, fundi?" Nikachomoa risiti ya mzee kwenye daftari, ya gauni la mteja mwingine la mshono huohuo, nikampa asome. Akasoma mstari kwa mstari. Akauliza ndoano ya shingo ni nini. Nikamwonyesha. Akauliza kwa nini bitana mbili zina bei tofauti, nikamchomea uzi kama mzee anavyofanya. Akalipa vifaa mbali, ufundi mbali. Tangu hapo kila mteja wangu wa gauni lenye bitana ana ukurasa wake na risiti imebandikwa. Hawalipi wote kwa furaha. Wapo wanaosema ninawatoza mara mbili, na yupo aliyeichukua risiti akaenda kununua mwenyewe dukani, akarudi na kila kitu sawasawa mpaka namba ya zipu. Huyo nilimshonea kwa raha kuliko wote.

Bila risiti yenye majina ya vitu siwezi kufanya hivyo, na hakuna duka jingine Dodoma ninalolijua linaloandika namna hii. Mengine yanakuandikia "vikorokoro 18,000" na muhuri. Uende ukamwonyeshe nani?

Basi, mabaya.

Uzi wake usinunue. Kwanza ameupanga dirishani, kwenye jua la saa saba, eti rangi zivutie wapita njia. Jua linaufifisha uzi na kuudhoofisha. Rili nyekundu niliyoichukua pale upande mmoja ilikuwa nyekundu na upande wa pili rangi ya udongo wa Kongwa. Pili, rili zenyewe hazina maelezo: urefu hakuna, unene hakuna. Uzi mzuri wa poliesta wa kushonea nguo za kawaida umeandikwa namba 120, na kadiri namba inavyoshuka uzi unaongezeka unene. 75 ni kwa mishono inayovutwa. Hapa unauziwa kwa macho. Tatu, una manyoya. Uzi wa manyoya ukipita kwenye sindano unaacha vumbi lake ndani ya nyumba ya bobini, mashine inaanza kuruka mishono, unadhani cherehani imeharibika, unamwita fundi cherehani anakutoza buku tano za kupuliza tu. Mimi uzi naagiza Kariakoo, koni kubwa, unaletwa kwa basi au na mtu anayekuja kwa treni. Tangu ile treni ya SGR ianze kufika hapa mwaka 2024, anayetoka Dar es Salaam asubuhi naupokea mzigo wake mchana uleule.

Sindano ni hadithi nyingine ya namna hiyo. Ziko kwenye kopo moja, za cherehani ya nyumbani na za mashine ya kiwandani zimechanganywa. Ya nyumbani ina upande mmoja bapa kwenye mzizi wake, ya kiwandani ni mviringo mzima. Mtu anayejifunza atachukua ya mviringo, ataisokomeza kwenye cherehani yake ya Butterfly, haitakaa, na atavunja kitu. Unene pia haupangwi. Sindano ya 90/14 ina unene wa milimita 0.9 na inafaa vitambaa vingi vya kawaida, 100/16 ni ya kadeti na jinzi, 75/11 ni ya shifoni na hariri. Wewe unachokoa kopo kwa kidole ukitafuta namba iliyochorwa kwa herufi ndogo kuliko chungu. Kwa duka linalouliza zipu ni ya nguo gani, kopo lile silielewi. Nimemwambia mzee. Akaniambia sindano hazina faida, anaziweka kwa kuwa watu wanaziulizia.

Hapo nilitaka kumjibu, nikamheshimu umri wake.

Huduma kwa ujumla ni ya polepole. Kama una mteja anasubiri kibandani, usiende mwenyewe, mtume kijana na orodha iliyoandikwa vizuri, na uandike ni ya nguo gani ili asirudishwe. Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, usitegemee kupata zipu za kijivu wala vifungo vyeupe vya 18. Vinakwisha kabla ya Krismasi na haviji tena mpaka wazazi wameshahangaika. Anayeshona sare anunue Novemba. Ijumaa hufunga kuanzia saa sita na nusu mpaka saa nane, na haandiki mahali. Kijana wa kaunta ukimkuta peke yake ahirisha. Hajui bei, atakukisia, na atakisia juu. Ukimsalimia mzee kwa "mbukwa", salamu ya Kigogo, anachangamka, ingawa sidhani kama inashusha bei. Lipa namba ipo, chenji ndogondogo hazipo, kwa hiyo nenda na mia mia zako au ukubali kupewa pini za kichwa.

Kurudisha vitu kunawezekana. Zipu ambayo haijashonwa, vifungo ambavyo havijatolewa kwenye kadi yake, anapokea ukiwa na ile karatasi ya mkono. Bitana iliyokatwa hapokei, na ana haki.

Kwa walio nje ya mji, Kondoa, Mpwapwa, Manyoni, anatuma kwa basi, nauli ya kifurushi ni yako. Usimwagize rangi kwa simu. Picha ya usiku inageuza bluu kuwa zambarau, na yeye anachagua kwa macho yake chini ya taa nyeupe ya dukani ambayo nayo ina uongo wake. Mtumie kipande cha kitambaa chenyewe, hata cha vidole viwili, kwenye bahasha kupitia kondakta. Na kama umekwenda mwenyewe, ukishaona zipu inafanana na gauni pale kaunta, toka nayo mpaka kichochoroni uitazame kwenye mwanga wa jua kabla hujalipa. Mzee hajali, anakuachia utoke nayo.